Kifutio na Ufunguo Uliobaki Mezani

Ofisini tulimwita Kifutio, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila kikao kilipoisha, hata kama ubaoni pameandikwa tarehe tu, alibaki nyuma na kitambaa chake akifuta mpaka ubao ung'ae.

"Siku moja utafuta kivuli chako," wenzetu walimtania.

"Kikianza kutoa siri za watu, nitakifuta."

Meza yake ilipakana na yangu, kando ya dirisha lisilofunga vizuri, kwa hiyo tuliitana jirani. Kwa miaka tisa nimesikia kikohozi chake zaidi kuliko cha mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Sijui kama hilo ni la kusikitikia.

Tulikuwa tukitengeneza mfumo wa kutunza mafaili ya wagonjwa wa kliniki moja, na mafaili yenyewe tulishayaingiza. Yote yalifungwa kwa ufunguo, yaani namba ndefu ya siri. Ili faili lisomeke, ufunguo lazima uingie kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ufanye kazi yake, kisha mahali pale pajazwe sifuri. Sehemu hiyo aliiandika yeye. Hata aliikataza mashine kukihamishia kipande kile cha kumbukumbu kwenye diski, ambako kingekaa siku nyingi. "Ukiacha ufunguo mezani," alipenda kusema, "usitafute mchawi."

Alhamisi asubuhi alitia saini karatasi ya ukaguzi, kuthibitisha kwamba ufunguo unafutwa. Kliniki ilikuwa ianze kuutumia mfumo kesho yake. Saa tano, katikati ya majaribio, programu ikazimika ghafla. Ikizimika hivyo, mfumo endeshi hunakili kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu na kukiweka katika faili, ili mafundi watafute kosa. Mimi ningetafuta kosa. Yeye alitafuta ufunguo.

"Jirani, hebu njoo."

Ulikuwapo. Mzima, tarakimu zote.

"Si uliufuta?"

"Mstari huu hapa. Usome mwenyewe."

Niliusoma mara mbili. Haukuwa na kasoro.

Ilituchukua saa nzima kuelewa. Programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine ni bahili wa kazi. Iliona kwamba hakuna atakayesoma tena mahali pale, ikaamua kwamba kufuta ni kazi bure, ikauruka mstari bila kumwambia mtu.

Alivua miwani. "Dada yangu anatibiwa pale," alisema polepole. "Mwaka wa tatu huu. Ukweni hawajui, na aliniapisha."

Bosi wetu, mama asiyejua kukaa mpaka amalize chai, hakufurahi. "Kwani nani atachungulia kumbukumbu ya mashine?"

"Mafundi wa nje, bosi. Kule kliniki, mashine ikizimika, faili hili linakwenda kwao lenyewe."

"Na saini umetia wewe!"

"Nimetia. Naomba mpaka Jumatatu."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie Kifutio hakufuta."

Bosi alitaka kucheka, akajizuia. "Jumatatu saa mbili. Hiyo karatasi ichane, uandike nyingine."

Kifutio alitikisa kichwa. Alichukua kalamu akaikata saini yake kwa mstari mmoja ulionyooka, jina likiendelea kusomeka. "Hii tusiifute. Atakayekuja baada yangu ajue nilipoteleza."

Aliandika upya, safari hii kwa amri ya kufuta ambayo ile programu bahili hairuhusiwi kuiruka. Ufunguo wa zamani ulishaonekana, kwa hiyo tuliutupa, tukafunga mafaili yote kwa mwingine. Kisha tukawa tunaizimisha programu makusudi, naye anapekua. Sifuri tupu. Tena, sifuri. Mara ya kumi na nne nikasema, "Jirani, inatosha."

"Angekuwa dada yako?"

Nikaizimisha tena.

Jumamosi mchana simu yake iliita. Ofisi ilikuwa tupu, nikasikia sauti ya mwanamke mchangamfu. "Mbona uko kazini leo? Hao watu watakumaliza."

"Kuna kitu nilikisahau mezani, dada."

"Wewe? Wewe usahau kitu? Umezeeka, mdogo wangu!"

Alicheka sana, naye Kifutio akacheka, akamuuliza kama ameshakula. Alipokata simu alivuta ile karatasi, akatia saini nyingine chini ya ile iliyokatwa.