Kisiwa Ambacho Dosie Yangu Inasema Sikufika

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwenye biro, yaani ofisi, ya utalii ya Beni saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na barua ya kuteuliwa na viatu vipya vilivyonibana. Nilitoka Kindu, sikumjua mtu. Ndani kulikuwa na meza mbili, kabati lisilofungika, na Chef de bureau, mkuu wa ofisi, mzee wa Bas-Congo, aliyekuwa akisoma barua ya mwaka uliopita. Nilimuuliza watalii wako wapi. Aliniangalia kama vile nimemuuliza theluji ya Ruwenzori tumeiweka kabati gani.

"Mama, batouriste ba ndege hapana kuja tena," alisema. "Donc tutatafuta bale ba miguu, benye kubeba mihogo yao mu sac."

Hivyo nikaingia katika kile tulichokiita utalii wa wananchi, yaani mapumziko ya mtu asiye na kitu mfukoni: mwalimu, muuguzi, mchuuzi wa mtaa wa Mulekera anayetaka kupumua siku mbili na kurudi. Ninyi vijana mna simu. Sisi tulikuwa na fishi, karatasi ya ukurasa mmoja inayoeleza mahali panaitwaje, panafikiwaje, mtu afanye nini pale bila gharama, na hatari ni ipi. Chini yake ajenti anatia saini. Chef alikuwa na sheria moja.

"Fishi yenye miguu yako haikupima, ile ni bongo," alisema, yaani uongo. "Na mutu wa bongo sitafanya naye kazi hata siku moja."

Niliandika fishi nyingi, lakini niliyoipenda ni ya kisiwa. Kiko kwenye mto mmoja upande wa barabara ya Manguredjipa, mahali mto unapogawanyika na kukutana tena. Mama Masika na mumewe, Baba Kambale, walilima ndizi pale na kuvua kwa migono, ile mitego ya kusukwa kwa vijiti. Nilikaa kwao siku tisa nikipima kila kitu. Kukizunguka kisiwa kwa miguu ni dakika arobaini. Kuoga ni nyuma ya mwamba, ambako maji hayavuti. Asubuhi unaangalia hondohondo wakipita, mchana unajifunza kusuka mgono, jioni unachoma ndizi. Niliandika pia kulala mchangani bila kufanya lolote, maana mwalimu wa Kongo hajui kwamba hilo linaruhusiwa. Kiingilio hakikuwepo. Kisiwa kilikuwa na kila kitu isipokuwa chumvi, kwa hiyo niliandika: mgeni aje na chumvi ya wenyeji.

Jambo gumu lilikuwa kivuko. Maji yale ni ya udongo, huoni chini. Mama Masika alinishika mkono akanionyesha: simama penye mti ulioinama, fuata mawe matatu meupe, kisha pinda kushoto kuelekea mwamba. Kiangazi maji yanafika gotini. Ukikosea hatua moja, mto unakuchukua. Nilivuka mara sita na fimbo mkononi, nikatia saini kwa fahari ambayo sijaipata tena maishani.

Watalii wa kwanza walikuwa walimu kumi na mmoja kutoka Lubero, kwenye baridi ya milimani. Walifika na masweta, wakalalamikia joto mpaka wakanichosha. Siku ya tatu walikataa kurudi nyumbani. Nilicheka sana siku ile.

Kisha vita ikaja, na hapo kichwa changu kikaanza kuvurugika. Mzee wa Bas-Congo aliondoka kwa miguu. Akaja Chef wa pili na muhuri mpya, akakaa miezi michache. Wa tatu alikuja na bendera nyingine na kutaka ripoti ya watalii kila Jumamosi, nami kila Jumamosi niliandika kwamba hakuna. Kwenye droo kulikuwa na mihuri mitatu ya serikali tatu. Nilimuuliza nitumie upi.

"Tumia ile yenye kuwa na wino," alisema.

Nilijiuliza kama nilikuwa bado mfanyakazi wa serikali, na ya nani. Kisha nikaendelea kufagia biro.

Baadaye nilihamishiwa Butembo, chini ya Chef de division, mkuu wa divisheni ya utalii. Alikuwa mtu mnyoofu mpaka anaudhi, hasomi gazeti bila kusahihisha makosa kwa kalamu. Aliipenda fishi yangu ya kisiwa hivi kwamba aliibandika ukutani iwe mfano kwa maajenti wapya. "Hii njo kazi," alikuwa akiwaambia. Nami nilipita pale ukutani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Vita ya pili ilipofika barabara ya Manguredjipa, dada yake Mama Masika, muuza viazi sokoni Butembo, alinivuta pembeni.

"Batu ba kijiji bote beko kwa kisiwa," alisema. "Masika alibavusha, na bazee, na batoto. Usisemeke."

Siku mbili baadaye niliitwa bironi. Kwenye kiti changu alikaa kamanda wa askari wa barabara ile, mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kuchanganya na Lingala. Mkononi alikuwa na fishi yangu. Chef de division alisimama dirishani.

"Mama Touriste, felicitations," kamanda alisema. "Umeandika muzuri. Mais hii mito tumeangalia, hapana kuona mawe. Utatupeleka. Bale batu banateswa na njaa kule, tunabapelekea chumvi."

Nilitazama nje. Ndani ya lori lake kulikuwa na magunia mawili ya chumvi. Nyuma ya magunia kulikuwa na katoni zilizofungwa kamba, na askari wengi mno kwa mzigo ule. Chumvi aliitoa kwenye fishi yangu. Alikuwa amesoma kwamba mgeni huja na chumvi, naye amekuja na chumvi. Ni mgeni wa kweli, au ni mtu aliyejua tu kusoma? Nilimtazama usoni nikatafuta jibu, nikakuta uso wa mtu wa kawaida aliyekosa usingizi.

"Chef," nilisema, "ile kisiwa sikufikaka hata siku moja."

Chef de division aligeuka. "Ulisaini, Mama."

"Nilisaini, Chef."

"Na mawe? Na maji ya kufika mu magoti?"

"Niliandika tu. Nilikuwa Beni nimekaa. Mutu moya wa soko njo alinielezea."

Kamanda alicheka, akaikunja fishi akaitia mfukoni. "Serikali yetu hii!" alisema, akatoka. Alipeleka askari wawili kujaribu kwa kufuata karatasi. Mto ulikuwa umejaa, mmoja alikokotwa na maji, wakamtoa kwa kamba, basi wakaacha. Chef de division hakucheka. Aliniangalia kwa huzuni, akaniandikia demande d'explication, ile barua ambayo mtumishi anatakiwa kujieleza kosa lake. Nilijibu kwamba nilidanganya. Ikaingia kwenye dosie yangu, faili langu la kazi, na ukutani pakabaki alama nne za gundi.

Watu walikaa kisiwani wiki tano. Wakarudi, isipokuwa Baba Kambale, aliyekufa kwa homa wiki ya nne. Nilikwenda kumpa Mama Masika pole, nikamweleza yote: kamanda, chumvi, katoni.

"Zile katoni, ilikuwa dawa?" aliniuliza.

"Sijui, Mama."

"Ulifanya muzuri ama mubaya, na miye sijue," alisema. "Siye tuko hapa. Yeye hayuko." Kisha akanipa ndizi za kwenda nazo, nami nikalia njia nzima.

Nilistaafu mwaka juzi. Karani wa divisheni, binti wa umri wa mjukuu wangu, alifungua dosie ili aniandikie barua ya heshima ambayo wastaafu hupewa. Akasoma, akasita, akanitazama kwa huruma.

"Mama, hapa banaandika ulitunga fishi ya kisiwa. Ni kweli hukufika? Kama ni makosa, tunaweza kusahihisha leo."

Ningeweza kusema ndiyo, ni makosa. Nilifungua mdomo. Lakini wiki ile ile barabara ya Manguredjipa ilikuwa imefungwa tena, na dada yake Mama Masika hakuonekana sokoni; huenda kisiwa kilikuwa na watu tena. Nikamwambia sikufika. Nimekosa barua, na wenzangu wakikutana siku za Mei mosi hunitania bado.

Sasa nimewaandikia ninyi, kwa sababu nimechoka kuitwa mwongo na watu ninaowapenda. Lakini ule mti ulioinama, na mawe matatu meupe, na kupinda kushoto, niliyoyataja hapo juu, msiyatafute. Kivuko hakiko hivyo.