Kufuata Mbegu ya Kunde Mbumbuni

Sikuondoka Migwani kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu kunde za mama zilikuwa zinakufa. Kila msimu zilichipuka vizuri, kisha zikageuka manjano na kusinyaa mvua ikiwa bado inanyesha. Ukizing'oa, mizizi ilikuwa imevimba vifundo. Bwana shamba aliyepita kwetu alisema ndani yake mna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, na dawa hakuwa nayo.

Mbegu ile aliiacha marehemu bibi yangu. Nusu ilibaki kwa mama, nusu ikaenda na mdogo wake, Kalunde, alipoolewa Mbumbuni, ng'ambo ya mto Athi. Kibuyuni mwetu zilikuwa zimebaki za kufunika kitako tu.

"Nenda kwa Kalunde," mama aliniambia. "Kama zake pia zimekufa, basi mbegu ya mama yetu imekwisha."

Alfajiri alinifungia viazi vitamu vya safari nzima. Nilivimaliza kabla ya kufika Matinyani, na nashukuru kwamba mama hajui kusoma.

Matinyani nilipokewa na mkulima mmoja, mtu wa kanisa, aliyekiombea chakula mpaka kikapoa. Alinishauri tuachane na kunde tupande mtama. Nilimjibu kwamba mtama si kitu alichotuachia bibi. Akaniongezea muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe.

Kwenye mto Athi nilikuta Wasomali wakivusha mbuzi. Nikajipenyeza katikati ya mbuzi wao, maana mamba naye huchagua, na mimi si mnono. Maji yalinifika mapajani. Kibuyu kitupu nilikibeba kichwani.

Jioni niliingia Mbumbuni. Mama mdogo Kalunde alikuwa kwenye kipande cha mchanga karibu na kijito, akivuna. Alipocheka kwa kuniona, nilisikia kicheko cha mama yangu. Kisha nikaliona shamba. Manjano, kama letu. Nikakishusha kibuyu chini.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Njoo uone."

Alikuwa anang'oa kila shina pamoja na maganda yake makavu, na kupitisha kidole gumba kwenye mzizi. Vipo vivimbe vidogo vinavyobanduka kwa ukucha. Hivyo, alisema, ni vya heri, vinalisha mmea. Lakini kile kisichobanduka ni mzizi wenyewe umevimba kwa ugonjwa. Shina la namna hiyo alilitupa upande wa chungu, kunde zake zikapikwe. Lenye mzizi safi lilikwenda upande wa kibuyu, kunde zake ziwe mbegu. Walipomwoza hapa hakupewa ardhi nyingine ila hii yenye minyoo, akaanza kuchagua hivyo, na kila msimu mashina safi yaliongezeka.

Nilimwambia kwamba mama huchukua mbegu karibu na zizi la ng'ombe, penye maganda manene.

"Huko kuna mbolea, na minyoo haijafika," akasema. "Sasa mbegu ngumu, isiyoshindwa na minyoo, ataijuaje?"

Nilikaa kwake nikisaidia kuvuna. Siku ya kuondoka alijaza kibuyu changu, akazichanganya kunde na majivu, akaziba mdomo kwa gunzi la mahindi. Zilikuwa ndogo na nyeusi-nyeusi, wala hazikuvutia macho. Akanishika mkono.

"Mwambie dada asiipende sana hii mbegu."

Njiani sikuyaelewa maneno hayo. Niliyaelewa Migwani, mama alipofungua kibuyu, akanusa, akalia bila sauti. Mvua ilipokaribia alichukua jembe akaenda moja kwa moja karibu na zizi, penye udongo wetu bora. Kitu cha mdogo wake kingepandwa wapi kwingine?

Nilimzuia. Nikamweleza kila nilichokiona, kisha nikampa ule ujumbe wa Kalunde.

"Niitupe mbegu ya Kalunde kwa minyoo?"

"Huko ndiko ilikolelewa, mwaitu, mama yangu."

Alilitia jembe begani. Kisha akageuka, akashuka kwenye kipande kibaya, kule kunde zetu zilikokuwa zikifa, na akapanda huko akiwa amenikasirikia.

Mvua ilikuja, ikapita. Kunde zikakauka. Tuling'oa pamoja, mama akipapasa kila mzizi kwa kidole gumba, nami nikibeba. Mingine ilikuwa na vifundo, na kunde zake tulizila jioni ile. Mingi ilikuwa safi. Nilikuwa nimedhani safari yangu ni ya kwenda kuomba mbegu. Kumbe nilikwenda kufundishwa kwamba kinachotunzwa mno hakijulikani nguvu zake.

Mama alijaza kibuyu chetu. Kisha akajaza kingine kidogo na kuniambia nitarudi Mbumbuni, maana huenda siku moja za Kalunde zikafa, na hakutaka mbegu ya mama yao ibaki nyumba moja tu.

"Na umwambie sikuipenda sana," alisema, akikipangusa kibuyu kwa upindo wa nguo yake, akakipangusa tena.