Chetezo Chini ya Kanzu

Ningemkatalia yule Mzungu wa shamba la mkonge, leo nisingekuwa na aibu hii ya kuwasimulia. Nilikuwa karani wake, kijana niliyetoka sekondari na kujiona nimesoma kuliko Kilwa nzima, na yeye alikuwa hali chochote kilichopita motoni, karoti mbichi, kabichi mbichi, hata mayai anayapasua na kuyanywa, kisha anaoga maji ya kisima alfajiri huku anaimba. Akaniambia, "Karani, jaribu mpaka kipupwe kiishe, utakuwa na nguvu kama mimi." Nikakubali, tena nikaapa mbele ya makarani wenzangu (hakuna aliyeniomba kiapo).

Mwaka ule kusi ilivuma na baridi yake. Papai, muhogo mbichi na karanga mbichi vinashibisha, sikatai, lakini mwili haupati joto. Nilivaa sweta chini ya kanzu, nikawa natafuna tangawizi kutwa nzima, na bado natetemeka kama mwenye homa (wenzangu wakiniuliza, nasema najisikia mwepesi).

Ikafika asubuhi ya kwenda Kivinje kwa kina Zuhura. Posa ilikwishakubaliwa, kilichobaki ni wazee wanione, nile chakula alichopika Zuhura mwenyewe, tupange siku ya harusi. Nilikwenda na ami yangu. Tukakaa barazani, upepo unatupiga, sinia likaletwa, wali wa nazi na kuku wa kupaka, mvuke unapanda. Mate yalinijaa. Nikasema, "Mimi sili vya motoni."

Bi Mwanaisha, shangazi yake Zuhura, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Ehee! Baba, umetuona sisi tunalisha watu dawa?"

Ami akaniokoa, au alidhani ananiokoa. "Usimwelewe vibaya, dada yangu. Kijana ana saumu ya nadhiri."

"Mashaallah," akasema baba yake Zuhura, na mimi nikawa nimefunga bila kunuia.

Basi kwa kuwa sili, wakanipa heshima nyingine, chetezo cha udi kikaletwa kwangu wa kwanza. Mnajua desturi, mtu hujifukiza kidogo akampa mwenzake. Lakini yale makaa yaliponipiga joto miguuni sikuweza kuachana nayo, nikachuchumaa, nikakiingiza chetezo chini ya kanzu, nikafumba macho. Wallahi, ilikuwa raha yangu ya kwanza tangu kipupwe kianze.

"Mpe mwenzio, wewe," ami ananong'ona. Nikajifanya sisikii.

Baba yake Zuhura akanusa hewa. "Udi gani huu unanuka manyoya?"

Ilikuwa sweta. Nikaruka, pindo la kanzu linawaka, nikaivua mbele ya wakwe na kuipigapiga sakafuni, nimebaki na sweta yenye tundu na msuli, na mfukoni mwa kanzu zikamwagika karanga, nusu karoti, vipande vya muhogo, na tangawizi yenye alama za meno.

Bi Mwanaisha alikuja mbio na ndoo, akanimwagia maji yote, ndipo akatazama sakafuni. "Hii ndiyo saumu?" akauliza. "Muhogo mbichi wa mfukoni unalika, mkono wa mwanetu ndio hauliki?"

Ami akachukua fimbo yake akatangulia. Hakusema nami mpaka tulipofika Nangurukuru, na hapo alisema neno moja tu, "Karoti!"

Jioni nilikula ugali wa moto hadi nikaungua ulimi. Kiapo kikafia hapo, kwa kuchelewa. Nilituma watu wakaniombee radhi Kivinje, wakarudi na posa yangu na maneno ya Zuhura: "Mwambieni simchukii. Lakini niliamka na giza kumpikia, na hakuonja hata punje."

Akaolewa na muuza nguo wa Lindi. Mimi nilichagua kumfuata Mzungu kwa kipupwe kimoja, nikamkosa Zuhura, na sikuoa kabisa. Najipikia mwenyewe mpaka leo.