Ndege Waliopinduka kwenye Kikwembe

Nilipomaliza kuandika programu ya dada yangu, nilijiona bingwa. Dada anashona nguo Kavimvira, karibu na mpaka. Kazi ya programu ilikuwa ndogo: unapiga picha kikwembe, yaani kitenge, cha mteja, halafu tableti inakuonyesha jinsi ya kukitandika mezani kabla ya kukata. Kwa kujidai tu, niliiruhusu picha ijigeuze pande zote nne, kufuata tableti ilivyoshikwa.

Sikuwahi kukaa nikamtazama akikata. Kumbe dada hashiki tableti. Huilaza kando ya kitambaa, na mteja akiuliza jambo, huiinua na kumgeuzia aliye ng'ambo ya meza.

Wiki hiyo alikuja mama aliyekuwa akiozesha binti yake Jumamosi. Kikwembe chake cha ndege wa buluu alikivusha kutoka Bujumbura, na dukani hakikubaki kingine. Dada alimgeuzia picha, mama akaridhika, tableti ikarudi mezani. Patron ya sketi, ile karatasi ya kukatia, dada akaiweka kiuno kushoto kama mkono wake ulivyozoea. Kitambaa akakitandika kwa kufuata picha. Akakata.

Kisha akanipigia simu. "Weye, kuya uone kazi ya tableti yako! Ndege zote ziko kichwa chini!"

Nilifika mbio, nikiona aibu. Lakini hata kabla ya kuomba radhi, nilitaka kujua. Niliiinua tableti kuelekea kiti cha mteja, nikailaza. Picha ikabaki imemgeukia mteja: kwa dada vichwa vya ndege viliangukia kulia, ilhali kiuno cha patron huwa kushoto. Nikarudia mara tatu, nne. Ndani yake mna kifaa kinachohisi mvuto wa ardhi. Ukikilaza chali hakijui juu ni wapi, basi hung'ang'ania jibu lake la mwisho. Jambo hilo lilinipendeza mno, nikajisahau.

"Unacheza, na minye niko nalia?" dada aliniuliza.

Palepale nikabadilisha programu: picha itulie upande mmoja, igeuke tu mtu akibonyeza kitufe. Kitambaa hakikuwa na kitufe. Dada alishona sketi hivyo hivyo.

Mama alipokuja kuijaribu, nilimwambia kosa ni langu. Alijitazama kwenye kioo, akanuna. Akaketi kwa uzito, akainamisha macho mapajani, akakaa hivyo kitambo huku akiupapasa mgongo wa ndege mmoja kwa kidole.

"Angalieni," alisema. "Kwenu ziko kichwa chini. Minye nikiziangalia toka huku juu, ziko zimesimama."

Jumamosi aliivaa. Wakwe walipoanza kucheka kwamba ndege wamepinduka, alimvuta mmoja wao, akamkalisha ubavuni pake, akamwambia aangalie kutoka hapo.