Jeneza Litapita Wapi

Kila asubuhi Scola alianza kwa kutega sikio. Akisikia mwiko ukikwaruza tofali, moyo ulimwenda mbio kabla hajakanyaga chini.

Ukuta ule ulikuwa wa shemeji yake, Anatoli, mdogo wa marehemu mumewe. Kiwanja cha mbele kilikuwa cha Anatoli. Vyumba vinne vya Scola vya kupangisha vilikuwa nyuma, hapo Rusimbi, na njia ya kuvifikia ilipita ubavuni mwa nyumba ya shemeji tangu mume akiwa hai. Mume alipozikwa, shemeji akakumbuka kuwa njia ni yake. Alijenga kutoka pande zote mbili, katikati likabaki pengo la mtu kupita kiubavu.

"Shemeji, wapangaji wangu watapita wapi?"

"Waote mabawa," Anatoli alijibu, macho kwenye simu. "Au niuzie mimi upumzike. Mwanamke na mambo ya nyumba, wapi na wapi?"

Scola hakwenda shule, lakini kujua kuwa shemeji anavitaka vyumba hakukuhitaji shule.

Benki alishakwenda. Kijana wa mikopo alimwita mama vizuri, akamkalisha chini ya feni, kisha akauliza hati, akauliza na barabara. Hati hakuna, na barabara ndiyo ile ya ubavuni. Mwisho alipaua vyumba kwa mkopo wa kikoba, chama cha akiba cha wanawake wa mtaa, dhamana ikawa bati zenyewe. Sasa vyumba viwili vilikuwa vitupu. Mpangaji wa mwisho kuhama alikwama na kitanda pengoni, akakikata miguu kwa msumeno huku akimtukana mwenye nyumba. Mvua ilipogonga paa, Scola aliona kama wanawake wa kikoba wamepanda juu, wanang'oa.

Katika waliobaki alikuwamo mzee Yona, mshona nyavu, ambaye ndugu zake wote walikuwa ng'ambo ya ziwa. Kifua kilimlaza. Scola akawa anampelekea uji.

"Mama Bariki," mzee alimwita kwa jina la mwanawe, "nikifa mtanipitisha wapi? Juu ya bati?"

"Nyamaza, mzee. Kunywa uji."

"Basi mnikunje kama wavu."

Akacheka mpaka akakohoa. Scola hakucheka. Wazo lilikuwa limemwingia palepale: hakuna mtu Rusimbi nzima, hata Anatoli, anayethubutu kuizibia maiti njia. Aliliogopa wazo hilo kuliko alivyouogopa ukuta. Tangu hapo alizidisha sukari kwenye uji, kama mtu anayelipa faini. Na kila alipobisha hodi kwa Yona alibana pumzi, hajui anaomba asikie nini.

Alhamisi Yona hakuitika.

Jeneza tupu liliingia kwa kulazwa ubavu. Lilipotoka na mzee ndani, likanasa pengoni. Wabebaji wakatoka jasho. Mmoja akasema lisimamishwe wima.

"Marehemu asimamishwe kama gunia la mihogo?" alifoka Rozalia, mwenyekiti wa kikoba. "Anatoli! Toka uje utuoneshe njia!"

Anatoli akatoka. Hakuna aliyemsalimia. Akainama, akang'oa tofali la kwanza kwa mkono wake, wanaume wakamalizia mengine. Alipompita Scola akamnong'oneza, "Leo tu. Matanga yakiisha nafunga lote, hata paka hapiti."

Siku zote za msiba Scola aliwapikia watu, akiwaangalia walivyopita watatu watatu palipokuwa na ukuta. Siku ya kuanua matanga watu walikula, wakakunja mikeka, wakaaga. Scola alisubiri watoke, akauburuta mkeka wake mpaka pengoni, akautandika, akakaa, kanga kichwani.

"Mama Bariki, matanga yameisha," alisema Rozalia.

"Nani kayamaliza? Yona hakuwa na ndugu upande huu. Mimi bado nalia."

Rozalia alimtazama, akalitazama rundo la matofali, kisha akatazama juu, kwenye bati. Akavua ndala.

"Sogea basi," alisema.

Nyuma ya nyumba ya shemeji koleo lilianza kukoroga mchanga na saruji. Scola alilisikia likikwangua chini, likitua, likikwangua tena. Akamshika Rozalia mkono, akafungua kinywa, akalia kwa sauti ya mtu aliyefiwa leo. Machozi yalitoka ya kweli.

Koleo likanyamaza. Scola hakuthubutu kunyamaza.