Picha Kubwa ya Dada

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliangukiwa na mti katika shamba la miti kule Shume. Asubuhi baada ya mazishi nilimkuta dada jikoni, amekaa kwenye kigoda, ameshika kisu na kiazi kilichomenywa nusu. Alikuwa halii. Mwanga wa mlangoni ulimpiga shavu moja tu, la pili likabaki kwenye moshi. Ningeweza kuchukua kile kisu nikamenya mimi. Badala yake nilisimama nikalitazama lile shavu.

Mimi ni mchoraji. Kwa miaka mingi nimechora picha ndogo za milima kwa ajili ya wageni wanaopita Lushoto, za kuingia kwenye begi. Hii ya dada haikukubali udogo. Nilishona vipande viwili vya turubai, nikavigongomelea kwenye mbao, ikasimama juu kuliko mlango wa nyumba yangu. Niliacha brashi nikatumia kisu kipana, tabaka juu ya tabaka, na rangi nikaichanganya na udongo mwekundu wa shambani kwetu ili shavu liwe na uzito. Macho niliyapaka rangi nyepesi sana, karibu niyaache matupu, maana nilijua kila atakayetazama atayajaza kwa machungu yake.

Nilipoionyesha kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni mjini, watu waliingia wakipiga soga, wakasimama ghafla. Walirudi nyuma waione yote, kisha wakasogea mpaka pua zikakaribia kugusa rangi. Mama mmoja anayeuza kabichi sokoni alilia waziwazi. Mtu analia, na mimi moyoni nafurahi.

Dada sikumwambia. Alisikia sokoni, akaja na kikapu chake mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakunigeukia. Aliitazama picha kwa muda, kimo chake kikiishia kwenye mkono uliochorwa.

"Kumbe siku ile ulikuwa unanitazama," alisema.

"Dada, mimi nili..."

"Nilidhani umekuja kukaa na mimi."

Yule mama wa kabichi, aliyekuwa amerudi kuitazama tena, alimtambua, akamshika mikono yote miwili. "Pole mwenzangu. Pole sana." Wengine wakafuata, watu asiowajua kabisa, wakampa pole mmoja baada ya mwingine kama vile msiba ni wa jana. Aliwapokea wote. Nilitamani kuishusha ile picha palepale.

"Iache," aliniambia tulipotoka nje. "Hao wamenipa pole kuliko wewe. Ila mchore na mume wangu. Awe mkubwa hivyohivyo."

Nikaahidi. Nilisimamisha turubai nyingine kwenye kibanda changu, nikaanza na paji la uso, nikakwama hapo. Mtu yule nilikula kwake kila Krismasi. Alikuwa akija kunipokea stendi na kunibebea mizigo. Lakini nikijaribu kumkumbuka naona koti lake la mvua, nasikia sauti yake ikiuliza kama nimeshakula. Pua yake ilikuwaje, sijui. Sikuwahi kumwangalia, kwa sababu hakuwa na huzuni yoyote ya kuchora.

Nilimwomba dada kitambulisho cha marehemu, nikachora kwa kufuata ile picha ndogo. Alipokuja kuiona alitikisa kichwa.

"Huyu ni mtu aliyeambiwa akae kimya apigwe picha. Mume wangu hakuwa hivi."

Siku hizi Jumapili akitoka kanisani anapitia kwangu, anakaa, ananieleza. Nyusi zilikuwa zinakutana katikati. Akicheka, mdomo ulianzia upande mmoja. Nakwangua, napaka upya, na kila anachonieleza ni kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu miaka yote ile. Jana ameniambia sikio la kushoto lilikuwa limejikunja kidogo kwa juu. Nimelirekebisha.

Amesema bado.