Mifereji ya Mama Kinamasini

Harufu ya tope bichi hunirudisha Anderlecht ya utotoni mwangu, pale Brussels, nyuma ya maghala, penye kinamasi kilichojaa matete na vyura. Mwaka ule mama na wenzake, wanawake wa Bujumbura, walikivamia. Walichimba mifereji kama walivyozoea mabondeni kwetu, maji yakashuka, wakainua matuta na kupanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Wee, ilistawi hiyo! Mama alishinda akiogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea wazee, lakini akifika pale alikuwa anaimba. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Uchaguzi ulipokaribia, mjomba wangu, tonton Salumu, aligombea udiwani. Akina mama walimpigia kampeni mpaka sauti zikawakauka, maana manispaa ilikuwa imeanza kuulizia zile bustani, na wao walitaka mtu wao ndani. Aliposhinda, mama alimpikia lengalenga ya palepale. Akala, akaramba vidole, kisha akauliza:

“Dada, munasikia vyura siku hizi?”

Kweli vyura walikuwa kimya, na sisi hatukuwa na habari.

“Ile mifereji inakausha kinamasi. Donc, basi, tutaifukia. Baraza litawapa fasi ingine, kule juu.”

“Tulikuchagua ili utufukuze?” mama alifoka. “Si ungesema mbele ya kura!”

“Nilisema, dada. Mulikuwa munapiga vigelegele.”

Jumamosi alikuja na koleo, akaanza na mfereji wa mama, dada yake wa damu, asije akaambiwa anapendelea. Mama alilia waziwazi. Nilimchukia tonton siku ile, chuki ya kitoto isiyo na breki. Kule juu kulikuwa kokoto tupu, lengalenga ikaota imekonda. Uchaguzi uliofuata tonton aliangushwa. Mama alimnyima kura, na akamwambia usoni.

Leo maghala yamegeuka maghorofa, ila kinamasi kipo. Tonton ana kiduka karibu na stesheni ya treni ya Gare du Midi, siasa hataki hata kuzisikia. Mama hajamsamehe, anasema hivyo bila aibu. Lakini baridi ikiisha hunidai nimpeleke pale, magoti yakimuuma, tukae kwenye benchi. Juzi vyura walipiga kelele hata hatukusikilizana.

“Mpigie simu yule kichwa ngumu,” mama akaniambia.

Nikapiga. Tonton alipoitika, mama alininyang’anya simu, akainyoosha kuelekea matete, bila hata salamu.